Mchezo wa Tisa

Sikukuu ya mtoto wa mwaka mmoja ina uongo ndani yake. Mwenye sikukuu hajui kama ni siku yake, gato, ile keki yake, hawezi kuitafuna, na akiona watu arobaini wamemkodolea macho huku wanamwimbia, analia. Wanaosherehekea hasa ni wakubwa. Na wakubwa wasipopangiwa la kufanya watakaa kwenye viti vya plastiki, watakunywa, watasifiana nguo, na kufika saa kumi watakuwa wameanza kugombana. Hayo nayajua vizuri. Nina miaka kumi na tisa nikifundisha chekechea hapa Uvira, na wakubwa sijawahi kuwaona tofauti sana na wanafunzi wangu.

Kwa hiyo mdogo wangu Claire alipotaka kumfanyia binti yake sikukuu ya kwanza, sikungoja kuombwa.

"Michezo muniachie minye," nilimwambia. "Weye pika tu."

Lakini nisijifanye mtakatifu. Nilikuwa na sababu nyingine ya kushika ile michezo kwa mikono miwili.

Mtoto huyu alizaliwa wakati barabara ya kushuka kutoka milimani ilikuwa imefungwa. Baba yake, Semana, kwao ni juu kule Bijombo, kwa watu wa ng'ombe. Sisi kwetu ni bondeni, Lubarika, watu wa mpunga na mihogo. Kwa desturi yao, na hata kwetu tukisema ukweli, jina la mtoto linatoka upande wa baba. Tukamngoja mama yake Semana. Siku ya nane ikapita, ya ishirini ikapita, simu hazikupita, na ofisi ya kuandikisha watoto haingoji mtu. Siku tuliyokwenda, mimi ndiye niliyembeba mtoto. Karani akauliza, "Jina?" Semana akafungua mdomo, akaufunga. Yule kijana maneno yake huwa anayatoa moja moja, kama anayachambua mawe kwanza. Mimi nikasema, "Providence." Karani akaandika.

Hakuna aliyenituma. Ila mimi sina mtoto. Kwa miaka kumi na tisa, kila asubuhi, nimesoma kwa sauti majina ya watoto wa watu kwenye orodha, majina yaliyochaguliwa na wengine. Providence ndilo jina pekee lililotoka kinywani mwangu. Nililipenda mno, na nilimpenda aliyelibeba.

Sasa siku ya Alhamisi, ikiwa imebaki siku mbili, Claire akaja kwangu na uso wa mtu aliyevunja sahani.

"Yaya," akasema, kama anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "mama ya Semana anashuka kesho."

"Karibu yake. Barabara si imefunguka?"

"Yaya." Akaangalia chini. "Iko na jina. Tangu mwaka jana anaichunga. Anakuja nayo."

Nilicheka, kicheko cha meno tu. Alipoondoka nikafungua daftari na kuandika programu upya. Saa nane kamili, kupasua baloni. Saa nane na robo, viti vya muziki. Kisha mbio za yai kwenye kijiko, kuvuta kamba, kumbandika ng'ombe mkia ukiwa umefungwa macho, kurusha pete, mbio za magunia, na mwisho kutafuta pipi kwenye unga. Michezo minane, mmoja umegusana na mwenzake. Saa kumi gato, picha, kwaheri. Sikuacha hata dakika tatu ambazo mtu angeweza kusimama katikati ya watu na kutoa jina.

Mama Murekatete alifika Ijumaa mchana. Mwanamke mrefu, mwembamba, nguo yake imefungwa begani, mkono mmoja bidoni ya maziwa, mkono mwingine furushi la kitenge. Alitusalimu taratibu, mmoja mmoja, akauliza habari za wazee wetu wa Lubarika, za mpunga, za mvua. Mtoto alipoletwa, alimtazama muda mrefu bila kumchukua, akamwacha amzoee kwanza. Hilo lilinipendeza, na sikutaka linipendeze.

Kisha akafungua furushi. Ndani mlikuwa na majembe manne madogo, yaliyolika kwa kulima, yametiwa mipini mifupi mipya.

"Watoto watakuwa wangapi?" akaniuliza.

"Makumi mbili, Mama."

"Na fasi ya kulima, iko?"

Nikatazama yale majembe, nikatazama kile kipande cha bustani nyuma ya nyumba ambacho Claire amekuwa akisema atapanda lengalenga tangu Krismasi. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Huyu mama anataka kuwatumikisha watoto wa watu!

"Mama," nikamwambia kwa ile sauti ninayoiweka kwa wazazi wanaochelewa kuchukua watoto wao, "kesho ni aniversere. Haiko salongo."

Salongo ni ile kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi, ya kufagia barabara na kuzibua mitaro. Yeye hakukasirika. Alisema "Sawa," akayafunga majembe yake, akayaweka nyuma ya mlango. Nilijiona mshindi kwa muda wa saa nzima hivi.

Mchana huohuo nilikuwa nimekaa barazani namalizia ng'ombe wangu. Nilikuwa nimemchora kwenye kartoni kubwa, kwa rangi ya kahawia, kwa heshima ya wakwe zetu. Mkia wake nilikuwa nimeukata pembeni, wa kamba ya katani, tayari kubandikwa. Mama Murekatete akaja akasimama nyuma yangu. Alisimama sana.

"Nani amekata mukia ya hii ngombe?"

"Hakuna, Mama. Hii njo muchezo. Tunafunga mutoto macho, anatafuta fasi ya mukia, anabandika. Anaweza kubandika hata kwa pua, watu wanacheka."

"Wanacheka?"

"Wanacheka."

Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Ngombe bila mukia, inzi zinaikula. Haiwezi hata kulala." Akainama, akachukua kipande cha kaa kutoka kwenye jiko la Claire. "Na hizi pembe ni za mbuzi."

Basi akaanza. Alifuta pembe zangu kwa kiganja, akachora zingine, ndefu, pana, zimepinda vizuri mpaka kartoni ikawa haitoshi. Akamwongezea nundu. Akamnyoosha mgongo. Na nilipogeuka kumwita Claire aje aone, akamchorea mkia, mzuri, wenye manyoya mwishoni, unaofika chini kabisa.

"Sasa iko muzima," akasema, akanawa mikono.

Mchezo wa tano ukafa hapo hapo. Sikuweza kukasirika kwa sababu nilikuwa nimeshika mbavu.

Jioni kabla ya chakula Semana alirudi kutoka kazini, akaliona furushi nyuma ya mlango. Alilifungua, akalifunga, akaja akakaa karibu yangu. Nilijua kuna neno linachambuliwa.

"Shemeji," akasema mwishoni, "ile haiko kazi. Ile ni muchezo."

Akanieleza. Kwao, mtoto akifika siku ya nane, wanaitwa watoto wa jirani. Wanapewa majembe madogo, wanalima kidogo kando ya nyumba, kama wakubwa. Wakiwa wanalima, mtu mmoja anawanyunyizia maji na kupiga kelele kwamba mvua imenyesha. Watoto wanatupa majembe, wanakimbilia nyumbani. Hapo wanakuta chakula kwenye ungo, na maziwa. Kila aliyelima anakula, na kila aliyekula anampa mtoto jina, lolote analotaka.

"Mwisho, koko naye, mama ya baba, anatoa yake," akasema.

"Na ile ya mwisho?"

"Ile njo inabakia."

Nikamshukuru. Nikachukua kalamu ya risasi, na chini ya programu, mbele ya macho yake, nikaandika: *9. Majembe (kama muda utabaki).* Semana akafurahi. Hakujua kwamba miaka kumi na tisa imenifundisha jinsi ya kuhakikisha muda haubaki.

Jumamosi asubuhi niliwahi kufika ili nipulize baloni. Nyumba ilikuwa kimya, Claire yuko sokoni. Mtoto alikuwa anaota meno, na usiku wote, nilisikia baadaye, alikuwa amewasumbua. Sasa alikuwa analia kile kilio cha kuchoka, chumbani, na juu ya kilio kulikuwa na sauti ya Mama Murekatete inayoimba chini chini. Sikuelewa wimbo wote, ila neno moja lilikuwa linarudi.

"Uwituze. Uwituze. Uwituze."

Hata sisi wa bondeni tunalijua. Ni mwenye kutulia, mwenye amani. Nikasimama mlangoni na baloni zangu. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kikaisha. Mtoto alikuwa amemshika bibi yake kidole, anamtazama.

Ubao wa mlango ukalia. Mama Murekatete akageuka haraka, na uso wake ukawa uso ninaoujua sana, wa mtoto aliyekutwa na mkono kwenye sukari.

"Porovidansi," akasema upesi. "Porovidansi anataka kulala."

Nikaenda nje nikapuliza baloni mpaka kichwa kikazunguka. Mwanamke wa umri wake, mama wa baba, anaiba nafasi ya kumwita mjukuu wake jina aliloliweka moyoni mwaka mzima, na akinisikia mimi anaogopa. Niliona aibu. Niseme nini zaidi? Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, na bado sikutaka kuliachia jina langu.

Saa nane watoto walikuwa wamejaa uani, na wazazi wao wamejaa viti. Pitchou, jirani yetu mwenye vyombo vya muziki, alikuwa amefunga spika mbili kubwa kuliko mlango. Nikapuliza filimbi.

Baloni ya kwanza ilipopasuka, mwenye sikukuu alipiga yowe, na watoto wadogo wote wakamfuata. Mchezo wa kwanza, dakika moja. Nikaamuru viti vya muziki. Wimbo ulikuwa haujafika kiitikio umeme ukakatika.

"Pitchou! Jenereta!"

"Madamu, mafuta haiko."

"Ulikuja na spika mbili bila mafuta?"

"Nilikuja na imani," Pitchou akasema, na wazazi wakacheka, wakapatana naye dhidi yangu.

Mayai ya mbio Claire alikuwa ameyatia kwenye saladi bila kuuliza. Kamba ya kuvuta ilikatika, na akina baba sita wakaanguka kwa matako, jambo ambalo kwa kweli lilikuwa la kupendeza kuliko yote niliyopanga. Pete zilikwama juu ya bati. Magunia yakazua ugomvi kati ya mapacha wawili wa jirani. Pipi kwenye unga, ni dakika tatu, na watoto ishirini wakatoka weupe usoni kama wamezeeka. Nikaangalia saa. Saa nane na dakika arobaini. Gato ilikuwa bado iko njiani kwenye pikipiki, mpishi wake anasema "ninafika" kwa mara ya nne, na programu yangu yote ilikuwa imekwisha.

Yote, isipokuwa mstari mmoja wa kalamu ya risasi.

Watoto wakaanza kurushiana unga. Wakubwa wakaanza kuangalia saa. Mama Murekatete alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, mikono juu ya mapaja, amevaa nguo yake nzuri. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama ile bustani isiyolimwa. Hakuniomba kitu, na nadhani angerudi Bijombo na majembe yake bila kuniomba. Hilo ndilo lililonishinda.

Nikaenda nyuma ya mlango. Nikachukua furushi, nikaliweka magotini mwake.

"Mama, muda umebakia."

Alinitazama kwanza kama hajanisikia. Kisha akasimama, na yule mama mpole wa jana sijui alikwenda wapi. Akapiga makofi mara mbili. Watoto ishirini wakanyamaza. Mimi mwenyewe nilinyamaza.

"Walimaji wangu wako wapi?"

Majembe manne hayakutosha, wengine wakashika vijiti, wengine vijiko vya Claire. Walilima! Binti mmoja, Mapendo, wa miaka saba, aligeuka nyapara na kuwakemea wenzake kwamba mistari imepinda. Ngabo, wa miaka minne, alilima shimo moja tu na hakutaka kuliacha. Mimi nilivua viatu nikaingia kuwaonyesha, maana sisi watu wa Lubarika hatuwezi kuona mtu anashika jembe vibaya tukavumilia. Mwenye sikukuu alikaa katikati ya matuta, anashangaa.

Mama Murekatete akachovya tawi lenye majani kwenye beseni. Akatungoja tuzame kwenye kazi.

"Mvua!" akapaza sauti. "Mvua inanyesha! Mukimbie!"

Maji yakatumwagikia. Mayowe ya watoto yangesikika mpaka ziwani. Watoto wakatupa majembe, wakakimbia, wakateleza, wakarudi makusudi ili wanyeshewe tena. Pitchou, ambaye alikuwa akitafuta njia ya kusamehewa, akapanda kwenye kiti na ndoo nzima, na hiyo haikuwa mvua tena, ilikuwa masika. Ule unga usoni ukageuka ugali. Wazazi walikuwa wamesimama wote. Baba mmoja mwenye kravati shingoni aliingia kwenye mvua akasema anamtafuta mwanawe, na mwanawe alikuwa amesimama kavu kabisa barazani anamwangalia.

Barazani kulikuwa na ungo wa maharage, na maziwa kwenye vikombe. Watoto wakakaa chini, matope mpaka magotini. Mmoja mmoja akala, akanywa, akatoa jina. Mapendo akasema, "Reine." Mwingine akasema, "Kitumaini." Mwingine, "Mukeke," kwa sababu ndiye samaki anayempenda. Mmoja, aliyekuwa bado anaangalia lango, akasema, "Gato." Ngabo akafikiri sana, akasema, "Ngabo." Kila jina Mama Murekatete alilipokea kwa kichwa, kwa heshima, hata Gato.

Nilikuwa nimesimama nyuma nasubiri zamu yake. Ya mwisho ndiyo inayobaki.

"Na weye, Madamu," akasema. "Kaa."

"Minye ni mukubwa, Mama."

"Uko na matope kwa miguu. Ulilima. Mwenye kulima anakula, anatoa jina."

Nikakaa kati ya Ngabo na Mapendo. Nikala maharage kwa mkono. Nikanywa maziwa. Providence lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu. Lilikuwa langu, na watu wote walikuwa wakilingoja. Nikamtazama yule mama. Nikakumbuka mlango uliolia, na jinsi alivyogeuka.

"Uwituze," nikasema.

Semana akainua kichwa. Claire akaziba mdomo. Mama Murekatete hakusogea hata kidogo, isipokuwa kidevu chake. Kisha akamnyanyua mtoto kutoka kwenye udongo, akamweka magotini na matope yake yote juu ya ile nguo nzuri.

"Sasa ni minye," akasema. "Mimi koko yake, ninamupa jina Porovidansi."

Kelele iliyotoka pale sijui nani aliianza. Nilisimama.

"Mama, hapana! Ile yako ni..."

"Yangu umeshaitoa weye. Niitoe mara mbili?" Akanivuta mkono nikae. "Mwaka muzima huyu mutoto alilia, minye sikukuwako. Weye ulikuwako. Ulimuita ile jina, akanyamaza. Minye nitaiondosha namna gani?"

Nililia. Mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu, na maziwa kwenye kidevu, nililia kwa furaha bila kujificha, na yule mama aliniacha nilie begani kwake mpaka nikamaliza.

Semana ndiye aliyezungumza, na safari hii hakuchambua kitu. "Kesho kutwa ninaenda ofisini," akasema. "Wataandika yote mbili. Uwituze Providence. Muntu asikate hata moja."

Gato ilifika saa kumi na nusu, imepondeka upande. Hakuna aliyejali. Watoto walikuwa wananivuta nguo, "Madamu, turudilie mvua!" na Pitchou alikuwa anajaza ndoo.

Mwenye sikukuu alikuwa ametambaa akarudi bustanini. Tulimwona kwa pamoja, mimi na Mama Murekatete, amejaza kiganja cha udongo na anakipeleka kinywani.

"Uwituze!" nikaita mimi.

"Porovidansi!" akaita yeye.

Akageuka, akatutazama sote wawili, akacheka na meno yake manne, akatia udongo mdomoni. Tukamkimbilia.